Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kila Namba na Sababu Yake

Ndugu wanachama, assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru mliotoka Korogwe, Muheza na Pangani kuja hapa Tanga mjini. Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo Katibu. Mimi nitazungumzia jambo lililotushughulisha karibu mwaka mzima: namna tunavyoweka kumbukumbu za kazi zetu za takwimu bima, yaani kukadiria kwa hesabu fedha ambazo bima itahitaji kulipa madai, na namna tunavyoiachia kompyuta itutolee ripoti.

Shinikizo mnalijua. Tangu tarehe 1 Januari 2023, IFRS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya bima, imechukua nafasi ya kile cha zamani, IFRS 4. Mikataba ya bima inagawanywa kwa makundi, na iliyotolewa kwa kupishana zaidi ya mwaka mmoja haikai kundi moja. Makundi yameongezeka, ripoti nazo zimeongezeka, lakini watu ofisini ni walewale. Ndiyo maana kila mmoja sasa anataka ripoti inayojitengeneza.

Kamati yenu inasema kumbukumbu zitangulie. Chukueni pembetatu ya madai ya bima ya magari, lile jedwali la malipo tunalolijua sote: mistari ni miaka ya ajali, safu ni miaka iliyopita tangu ajali itokee. Mwisho kabisa kuna kigezo cha mkia, namba ya kuzidishia inayokadiria malipo yatakayokuja baada ya data zetu kuishia. Tuseme kwenye seli hiyo fomula imefutwa na mtu kaandika 1.05 kwa mkono, bila maelezo. Kwa madai ya shilingi milioni 800, namba hiyo peke yake inaongeza akiba, yaani fedha zinazotengwa kulipia madai, kwa milioni 40. Aliyeiandika pengine alikuwa na sababu nzuri: kesi zinazokawia mahakamani, au vipuri kupanda bei. Akihamishiwa Dodoma, sababu inaondoka naye. Anayempokea ataiacha bila kujua imetoka wapi, au ataifuta, na njia zote mbili zinagusa fedha za majeruhi wanaosubiri kulipwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kiwango cha kimataifa cha kazi za takwimu bima, ISAP 1, kinataka kumbukumbu zitakazomwezesha mtaalamu mwingine wa fani hiyohiyo kuielewa kazi na kupima maamuzi yaliyofanywa. Kwenye mafunzo yetu tulilifanya hilo kwa vitendo. Wanachama walibadilishana mafaili, kila mmoja akajaribu kulifikia jibu la mwenzake bila kumpigia simu. Ilikuwa kazi ngumu, na ndiyo iliyozaa daftari la vigezo tunalolipendekeza: kigezo, thamani yake, nani kakibadilisha, lini, kwa sababu gani, na nani kakipitia. Ukurasa mmoja tu. Vijana wamelipokea haraka kuliko sisi wakongwe, na hilo limenipa moyo sana.

Upande wa ripoti, wenzetu wanaotumia R, lugha ya kompyuta ya kazi za takwimu, wametuonyesha programu inayosoma rejista ya madai, ikajenga pembetatu, ikachora chati na kutoa ripoti ya Word. Kunakili na kubandika kumekwisha. Lakini programu haishtuki. Oktoba 2020, Uingereza iligundua kwamba karibu wagonjwa 16,000 wa korona hawakuingia kwenye hesabu, kwa sababu muundo wa zamani wa faili la Excel hauzidi mistari 65,536, na ziada ikaachwa nje kimyakimya. Kwa hiyo tumekubaliana: ripoti ihesabu mistari iliyopokea, ilinganishe jumla ya madai na leja ya wahasibu, na visipolingana isitoke. Meneja atakereka ripoti ikikwama siku ya mwisho. Akereke siku hiyo. Wateja wetu wanastahili hesabu iliyosimama.

Azimio lililo mbele yenu linaomba daftari la vigezo litumike kwa kila mwanachama anayesaini au kuandaa makadirio ya akiba. Naomba mlipitishe leo, na kila ofisi impe Katibu jina la atakayelisimamia kabla ya kufunga hesabu za Desemba.