SQL isitapakae katika kila faili la programu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo mafunzo mengi ya kompyuta hulipitia juu juu, nalo ni namna mtu anayeanza anavyopaswa kuipanga programu yake ya objekti, yaani vipande vinavyobeba data pamoja na matendo yake, pindi inapohitaji kusoma na kuandika katika hifadhidata. Kwa kuwa kazi yangu ni kukagua programu za wanaojifunza, nimekwisha kuona kwamba wengi wao hawashindwi na klasi, yaani violezo vya kuundia objekti, wala hawashindwi na SQL, lugha ya kuipa hifadhidata amri. Wanakwama pale mambo hayo mawili yanapokutana, kwa sababu kila moja walifundishwa peke yake na hakuna aliyewaonyesha mpaka kati yake unapita wapi.

Utaratibu wa mafunzo unajulikana. Mwanafunzi huanza na klasi ya mnyama anayetoa sauti, kisha klasi ya mbwa inayorithi kutoka kwa mnyama, na huko hakuna data yoyote inayobaki baada ya programu kufungwa. Katika somo jingine hufundishwa kuunda majedwali na kuandika SELECT, amri ya kusoma, na INSERT, amri ya kuingiza, katika dirisha ambalo halina klasi hata moja. Baada ya hapo huambiwa atengeneze mfumo wa maktaba, kana kwamba kuyaunganisha masomo hayo si kazi inayohitaji kufundishwa.

Anachokifanya kinaeleweka. Huandika klasi Kitabu, akaiwekea jina, mwandishi na idadi ya nakala. Kisha ndani ya methodi ya kuazima, yaani sehemu ya klasi inayotekeleza tendo hilo, hufungua muunganisho na hifadhidata, akitaja anwani ya seva na nenosiri papo hapo, hutunga amri ya SQL, huituma, huchapisha kwenye skrini kwamba kitabu kimeazimwa, na hatimaye huufunga muunganisho. Klasi Mwanachama nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Programu inafanya kazi, na hilo ndilo tatizo lenyewe, maana hakuna kinachomwonya. Onyo huja siku nenosiri linapobadilika na kumlazimu alisake katika kila faili, au safu moja ya jedwali inapobadilishwa jina na nusu ya methodi zikaanza kugoma, au anapotaka kuhakikisha kwamba mwanachama hawezi kuazima zaidi ya vitabu vitatu na kugundua kwamba hana namna ya kulijaribu sharti hilo bila kwanza kuwasha seva ya hifadhidata.

Ugumu huu una asili yake, na si haki kumlaumu mwanafunzi peke yake. Lugha ya Simula 67, ambamo klasi na objekti zilianzia, ilibuniwa nchini Norwei na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard kwa ajili ya kuiga mienendo ya mifumo halisi ndani ya kompyuta. Objekti yao ilibeba data pamoja na matendo yake, na iliifikia objekti nyingine moja kwa moja katika kumbukumbu ya mashine. Majedwali yalitoka kwingine kabisa. Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM nchini Marekani, alichapisha nadharia yake mwaka 1970 akiwa na lengo la kuziepusha programu na haja ya kujua jinsi data inavyopangwa ndani ya mashine. Katika jedwali hakuna matendo, na uhusiano kati ya mistari miwili huonekana kwa thamani zinazolingana tu, kwa mfano namba ya mwanachama inayojirudia katika jedwali la maazimo. Fikra hizi mbili hazikuundwa ili zikae pamoja, hivyo lazima pawepo wa kutafsiri kati yake. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo ya kutafsiri ipewe klasi zake maalumu, isiachwe ifanywe na kila klasi kwa namna yake.

Katika programu ya maktaba, klasi Kitabu na Mwanachama zibaki na mambo ya kitabu na ya mwanachama. Kitabu kijue nakala ngapi zimebaki na kikatae kuazimwa zikiisha. Mwanachama ajue kikomo chake. Zisiwe na neno hata moja la SQL, wala zisichapishe chochote kwenye skrini. Kando yake iwepo klasi nyingine, tuiite HifadhiYaVitabu, yenye methodi chache ambazo majina yake yanaeleweka hata kwa asiyejua SQL: tafutaKwaNamba, orodheshaVyote, ongeza, sasisha, futa. Amri zote zinazohusu vitabu zikae humo. Methodi ya kutafuta hupokea namba, husoma mstari kutoka jedwalini, na humrudishia aliyeiita objekti ya Kitabu iliyokamilika, naye hana haja ya kujua ilikotoka. Sehemu inayozungumza na mtumiaji, iwe ni menyu ya maandishi au dirisha lenye vitufe, ikae peke yake. Na mwanzoni kabisa mwa programu, mahali pamoja, muunganisho ufunguliwe na kukabidhiwa kwa klasi za hifadhi wakati zinapoundwa, badala ya kila moja kujifungulia wa kwake. Mwaka 1972 mtaalamu wa programu David Parnas alieleza kwamba programu igawanywe kwa kuangalia maamuzi yanayoelekea kubadilika baadaye, na kila uamuzi wa namna hiyo ufichwe ndani ya sehemu moja. Mahali data inapohifadhiwa ni uamuzi wa aina hiyo hasa.

Suala la muunganisho mmoja linaonekana dogo, lakini nalipa uzito kuliko mengine yote. Chukulia tendo la kuazima. Mstari mpya huingizwa katika jedwali la maazimo, na idadi ya nakala hupunguzwa katika jedwali la vitabu. Umeme ukikatika katikati ya hatua hizo mbili, maktaba itabaki na kitabu kilichokwisha kuazimwa ambacho kwa hesabu bado kipo rafuni. Dawa yake ni kuyafunga mabadiliko yote mawili katika muamala mmoja, ambao ama hukamilika wote kwa COMMIT ama hufutika wote kwa ROLLBACK. Sasa muamala huo uanzishwe wapi? Hauwezi kuanzishwa ndani ya HifadhiYaVitabu, kwa kuwa haina habari na maazimo, wala ndani ya HifadhiYaMaazimo, kwa kuwa haina habari na nakala. Unahitaji klasi inayowakilisha tendo lenyewe la kuazima, ambayo huanzisha muamala, huziita hifadhi zote mbili, kisha huukamilisha. Nayo haitafanikiwa iwapo kila hifadhi ina muunganisho wake, kwa maana muamala huishi ndani ya muunganisho mmoja.

Wanaotumia SQLite, ambayo naipendekeza kwa anayeanza kwa sababu hifadhidata nzima ni faili moja na haihitaji seva, hukutana na kosa hili kwa sura ya ujumbe unaodai kwamba hifadhidata imefungwa (database is locked). Muunganisho wa kwanza umeanza kuandika na haujamaliza, wa pili unakuja nao uandike, unakataliwa. Wengi hudhani faili limeharibika na hulifuta waanze upya! SQLite hiyohiyo ina tabia nyingine ya kuangaliwa: usimamizi wa funguo za kigeni, yaani zile zinazozuia azimo lisiandikwe kwa mwanachama asiyekuwepo, kwa kawaida huwa umezimwa, na lazima uwashwe kwa amri ya PRAGMA foreign_keys = ON katika kila muunganisho unaofunguliwa. Mwenye mahali pamoja pa kufungulia muunganisho huiandika amri hiyo mara moja tu. Aliyefungua miunganisho katika mafaili kumi ataisahau katika baadhi yake, na hatajua mpaka akute maazimo yasiyo na mwenyewe.

Amri za SQL zikishakusanywa pamoja, kosa jingine sugu huwa rahisi kulinasa. Ni lile la kuitunga amri kwa kuunganisha vipande vya maneno, kipande kimoja kikiwa ni kile alichoandika mtumiaji. Kwa sisi tunaoandika Kiswahili, kosa hili halihitaji mdukuzi ili lijitokeze. Mtumiaji akitafuta kitabu chenye neno ng'ombe katika jina lake, ile alama iliyo baada ya herufi g huchukuliwa na SQL kuwa ndiyo mwisho wa maandishi, na herufi nne zinazofuata huonekana kama sehemu ya amri isiyoeleweka, programu inaanguka. Mdukuzi hutumia mwanya uo huo, ila yeye baada ya alama huandika amri zinazoeleweka vizuri sana. Nimeona baadhi wakijitetea kwa kuifuta alama hiyo katika kila kinachoandikwa na mtumiaji, jambo ambalo linaharibu majina ya vitabu na ya watu bila kuuziba mwanya wote. Njia sahihi ni kuandika amri yenye alama ya kuuliza mahali pa thamani, kama vile SELECT * FROM vitabu WHERE jina LIKE ?, kisha kuipeleka thamani yenyewe kando, ili hifadhidata isiichanganye na amri kamwe. Zana za kuziunganisha lugha za programu na hifadhidata, kama JDBC ya Java, PDO ya PHP na moduli ya sqlite3 ya Python, zote zinaikubali njia hii, kwa hiyo hakuna kisingizio.

Namba ya kitabu nayo huwasumbua wengi. Objekti iliyoundwa sasa hivi haina namba, kwa kuwa namba hutolewa na hifadhidata wakati wa INSERT, na ni kazi ya methodi ya ongeza kuichukua na kuiweka katika objekti. Mwanafunzi anayejibunia namba kwa kuhesabu mistari iliyopo na kuongeza moja atashangaa pindi kitabu cha katikati kitakapofutwa, kwa maana hesabu yake itampa namba ambayo tayari ina kitabu chake.

Vilevile sharti la nakala kutopungua sifuri haliwezi kulindwa na objekti peke yake. Watu wawili katika kompyuta mbili wanaweza kusoma kwa wakati mmoja kwamba imebaki nakala moja, na objekti zote mbili zikaridhika. Kwa hiyo amri ya UPDATE yenyewe, ile ya kubadilisha data iliyopo, iwe na sharti kwamba nakala ipunguzwe pale tu idadi inapozidi sifuri, kisha programu iangalie ni mistari mingapi iliyobadilika. Ikiwa hakuna, basi mwingine amewahi. Kulirudia sharti mahali pawili kunawaudhi wapenda unadhifu, lakini lile la ndani ya klasi humpa mtumiaji jibu la mapema lenye maneno ya kueleweka, na lile la ndani ya amri huilinda data, na sioni lipi kati yake la kuachwa.

Najua watakaosema kwamba haya yote yamekwisha kufanywa na zana kama Hibernate kwa Java au ile iliyomo ndani ya Django kwa Python, ambazo hutafsiri zenyewe kati ya objekti na majedwali. Sizipingi, na kazini huokoa muda mwingi. Lakini asiyewahi kuiandika tafsiri hiyo kwa mkono wake hataelewa kwa nini ukurasa wa orodha ya wanachama 200 pamoja na maazimo yao umetuma amri 201, yaani moja ya kuleta orodha na moja kwa kila mwanachama, ilhali amri moja yenye JOIN, neno la kuunganisha majedwali, ingetosha. Upande wa pili wapo walimu wanaompa anayeanza folda saba zenye faili mojamoja, na kila klasi ikitanguliwa na kiolesura, yaani tangazo la methodi bila utekelezaji wake, chenye methodi zilezile. Hilo nalo silikubali. Programu ya majedwali manne haihitaji hayo, wala si kila jedwali linahitaji klasi yake. Lile linalounganisha tu vitabu na waandishi wake linaweza kusomwa na kuandikwa ndani ya HifadhiYaVitabu bila mtu mwingine kujua kuwa lipo.

Ombi langu kwa walimu ni kwamba mpangilio upewe alama zake katika usahihishaji, badala ya kutazama tu kama programu inafunguka. Kuupima si kazi ngumu. Litafutwe neno SELECT katika mafaili yote, na likionekana nje ya klasi za hifadhi mwanafunzi aulizwe sababu. Kisha faili la hifadhidata liondolewe, na majaribio ya masharti ya Kitabu na Mwanachama yaendeshwe bila hilo. Majaribio ya klasi za hifadhi zenyewe yatumie hifadhidata ya SQLite inayoundwa katika kumbukumbu ya kompyuta kwa kuandika :memory: mahali pa jina la faili, hiyo hupotea muunganisho unapofungwa, kwa hiyo kila jaribio huanza na majedwali safi. Kwa upande wa gazeti lako, Mhariri, ukurasa wa teknolojia ungetusaidia sana kama ungechapisha programu moja ndogo ikiwa kamili, mafaili yake yote yakionyeshwa na kutajwa kila moja linaita lipi, badala ya vipande vya mistari mitano ambavyo msomaji hajui aviweke wapi.

Wako,
Mkaguzi wa programu za wanafunzi