Sikilizeni Boriti Kabla ya Kupiga Dawa

Simu nyingi tunazopigiwa kutoka Mji wa Kale huanza na tundu. Mwenye nyumba ameona vitundu vya milimita 1 au 2 kwenye mwimo wa mlango au kwenye boriti za dari, na anataka dawa ipigwe siku iyo hiyo. Huwa tunamwomba asubiri, kwa kuwa tundu la fukusi, mdudu anayekula mti, hutobolewa na mdudu mpevu anapotoka, baada ya kuishi ndani ya mti tangu akiwa buu. Huenda ametoka juzi, huenda alitoka kabla nyumba haijarithiwa. Swali linalostahili kulipiwa ni kama humo ndani wamebaki wengine wanaoendelea kula.

Buu anapotafuna, nyuzinyuzi za mti hukatika na kutoa mitetemo midogo mno, ambayo sehemu yake kubwa huzidi mitetemo 20,000 kwa sekunde, kiwango ambacho sikio la binadamu halikifikii. Sisi hubana kihisi juu ya mti wenyewe, na kifaa huigeuza mitetemo hiyo kuwa sauti tunayoweza kuisikia na kuirekodi. Sauti hizo husafiri mbali zaidi kwa kufuata urefu wa mti kuliko kuukata upana wake, na hufifia upesi, ndiyo maana kila boriti hupimwa peke yake na kazi haiishi kwa saa moja.

Wateja hudhani kwamba tuktuk za barabarani ndizo zitakazotusumbua. Ngurumo zake ni nzito, na kifaa huzichuja bila taabu. Kinachotutatiza zaidi ni mti wenyewe, ambao hualika paa linapopoa baada ya jua kutua. Lakini mti hualika mara moja moja, ilhali mlaji hutafuna kwa mfululizo, akapumzika, kisha akaendelea. Kutofautisha hayo mawili kunahitaji subira kuliko mashine.

Mafundi wengi hugonga mti kwa nyundo, na njia hiyo hatuidharau, maana huonyesha palipokwisha kuliwa. Ila igongwe baadaye: mchwa wakishtuliwa huacha kula, na askari wao hupiga vichwa mtini kuwatahadharisha wenzao.

Ukimya nao hauthibitishi usalama, kwani yai halitafuni, wala pupa, yaani buu aliyetulia akigeuka kuwa mdudu mpevu, hatafuni. Kwa hiyo tusiposikia kitu hatutoi cheti cha usalama, bali tunapanga kurudi kusikiliza tena baada ya miezi kadhaa.

Kabla hatujafika, tafadhali zimeni feni na pampu ya maji, msizibe vitundu wala kupaka rangi, na unga ulioanguka chini ya boriti msiutupe. Tukikuta ndani yake punje ngumu zenye pande sita, tutajua kuwa tunashughulika na mchwa wa mbao kavu, ambao matibabu yao ni tofauti na ya fukusi.