Akikuuliza hali daktari, mwambie na maumivu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenzangu wenye jamaa waliotumikia jeshi la Marekani, ambao sasa wanadai fidia ya ulemavu wa mgongo.

Mpwa wangu, mzaliwa wa Wete, aliumia kiuno akiwa jeshini huko. Alipoomba fidia alipewa asilimia 10 ya ulemavu, kiwango cha mtu anayeweza kuinama mbele kupita nyuzi 60 bila ya kuzidi 85. Mtu huyo huyo akija Pemba husali juu ya kiti kwa sababu rukuu imemshinda, na nimemwona kwa macho yangu akimwita mwanawe amtilie maji miguuni anapotia udhu.

Nilipomuuliza ilikuwaje, alinijibu kwamba daktari alimuuliza hali naye akasema, "Alhamdulillah, sijambo"; alipotakiwa ainame, akakaza meno akainama hadi jasho likamtoka, kwani aliona haya kulalama mbele ya mgeni. Kipimo kikaandikwa hivyo. Simlaumu daktari, maana atajuaje kwamba kwetu hata mgonjwa mahututi hujibu hajambo?

Daktari anatakiwa aandike pia maumivu yanapoanzia, na mtu huwaje siku yanapozidi, lakini hawezi kuandika asichoambiwa. Anayeinama kupita nyuzi 30 bila ya kuzidi 60 hupewa asilimia 20. Asiyepita 30 hupewa 40. Ganzi na maumivu yanayoshuka mguuni kutoka mgongoni hupewa asilimia yake mbali, na mpwa wangu hakuyataja kabisa.

Sheria ya rufaa iliyoanza kutumika tarehe 19 Februari 2019 inatoa njia tatu: kupeleka ushahidi mpya, kuomba afisa mwandamizi alipitie upya jalada lile lile bila ya kuongezwa kitu, au kwenda kwa jaji wa Bodi ya Rufaa. Kwa kesi hii mimi naona ya kwanza, kwa kuwa kasoro imo ndani ya jalada lenyewe, na kulisoma mara ya pili hakutaiondoa. Maelezo ya maandishi ya mke au jirani hupokewa kuwa ushahidi. Mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi usipite, maana ukipita, malipo ya tangu ombi la mwanzo hupotea.

Mpwa wangu amebakiwa na miezi minne. Mkewe ameshaanza kuandika, nami nimemwambia aanze na habari ya udhu.

Msomaji wako,
Wete, Pemba