Ukiwa na rekodi ya polisi usiogope kusomea unesi, lakini usiifiche

Mhariri,

Mimi ni nesi huku Texas, karibu na Dallas, na naandika kwa sababu hakuishi mwezi kabla mama fulani hajanipigia simu kutoka nyumbani akilia, mtoto wake alikamatwa huku zamani na ameambiwa hawezi tena kuwa nesi. Mama, bado anaweza. Kinachoharibu ni kitu kingine kabisa, nitaeleza kwa kisa cha binamu yangu maana mwenyewe amenikubalia.

Alikuwa na miaka 19, amefika juzi tu, akaiba viatu dukani. Koti ikampa ile wanaita deferred adjudication, yaani unakubali kosa lakini jaji hakutii hatiani, unawekwa kwa probesheni, yaani muda wa kuangaliwa bila kufungwa, unalipa pesa zao, ukimaliza vizuri kesi inafutwa. Sasa hapo kwa "inafutwa" ndipo vijana wetu wanaangukia. Watu wa kanisa wakamwambia uko msafi sasa, songa mbele, akasonga, akasoma koleji, na kwa fomu ya Bodi ya Uuguzi ya Texas pale wanauliza kuhusu kesi, na wanataja hata hiyo deferred kwa jina, akajaza hapana.

Alama za vidole zikaenda kwa polisi wa jimbo na FBI, kila kitu kikatoka. Wenzake wanafanya NCLEX, ule mtihani wa leseni ya unesi, yeye amekaa nyumbani karibu mwaka mzima hata ruhusa ya kufanya mtihani hana. Na kilichomtesa zaidi mbele ya bodi si vile viatu, ni ile "hapana" yake. Siwalaumu hata kidogo. Nesi anaingia chumbani mgonjwa hajitambui, pete iko mezani, mofini iko mkononi mwake, na akikosea dozi saa tisa usiku pengine ni yeye peke yake anajua, so lazima waulize kama huyu mtu atasema.

Kinachoniuma ni kwamba njia ilikuwepo tangu mwanzo. Texas unaweza kupeleka ombi la Declaratory Order, ni dola 150, hata kabla hujalipa karo ya kwanza. Unaweka karatasi za koti zenye mhuri, barua yako ya maelezo, barua za watu wanaokujua kama bosi ama mwalimu, na bodi inaangalia ni kosa gani, ulikuwa na umri gani, miaka mingapi imepita na umeishi vipi tangu hapo, halafu inakuambia mapema kama utakubaliwa. Inachukua miezi, usingoje mwaka wa mwisho. Wengine wanapewa leseni yenye masharti, kama kufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda. Kuua na ubakaji ni hadithi nyingine, hapo sheria ni kali zaidi. Na ukiwa na hatia ya feloni, yaani kosa kubwa la jinai, hupati ile leseni ya kufanya kazi majimbo mengi, labda ya jimbo moja. Kila jimbo lina sheria zake, usibebe haya maneno yangu ukaenda nayo Minnesota.

Kwa wale hawajapata uraia kuna shida ingine, watu wa uhamiaji wanahesabu deferred kama hatia hata kama koti ilishafuta, na wizi ni kati ya makosa wanayoyachukulia vibaya sana. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2010, kwa kesi ya Padilla, kwamba wakili wa jinai lazima amweleze mteja asiye raia kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Muulize hilo swali kabla hujafungua mdomo mbele ya jaji, tafadhali.

Binamu yangu alipata leseni mwishowe na sasa anafanya shifti ya usiku. Barua yake ya kwanza kwa bodi ilijaa marafiki wabaya na stresi na upweke, nikairudisha, ya pili pia, ya tatu pia. Ile ilienda ilikuwa ukurasa mmoja, na sentensi ya kwanza ilikuwa "Niliiba viatu na baadaye nikawadanganya."

Nesi wa Kenya,
Texas, Marekani