Barua kwa Mwanangu: Ukuta wa Mkomani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku Mkomani, mtaa wetu wa Lamu, sote wazima, alhamdulillahi. Simu yako ya juzi imeninyima usingizi. Ulisema kakako amepata fundi wa kuupiga saruji ukuta wa msana wa tini, kile chumba kirefu cha nje, nawe umekubali kwa kuwa ni kazi ya siku mbili. Nakuomba ukatae.

Ukuta ule ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka ardhini hupata njia ya kutokea kwenye chokaa. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani, jiwe likaanza kumung'unyika kama sukari, nawe usijue mpaka plasta ianguke na kipande cha ukuta. Nimeyaona hayo kwa majirani, na nimelia nao.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Boriti za mkoko ndizo zilizopima: mti haufiki mita 3 kabla ya kuelemewa na dari ya mawe, basi chumba nacho kikaishia hapo. Ndiyo maana ukitoka dakani, kwenye baraza ya mlangoni, unapita kiwanda, yaani ua wa nyumba, unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, mpaka ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kila chumba kikiwa na kivuli kuliko kile ulichotoka. Ndani ndimo nilimokuzaa.

Wageni hupiga picha zile nyumba zenye baraza zinazotazama bahari. Ni nzuri, lakini ndizo changa. Bibi yako alikuwa akinisimamisha Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kunionyesha maji yalikokuwa yakifika zamani. Hata Ngome, iliyokamilika mwaka 1821, ilisimama ufuoni. Nyumba za mbele zilijengwa baadaye juu ya ardhi iliyofukiwa. Mji wenyewe ni huku nyuma, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hungoja. UNESCO ilipouweka mji wetu kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, watu walishangilia, nami nilishangilia. Lakini cheti hakikandiki ukuta. Wenye nyumba ndio wanaokandika.

Na mwenye nyumba kesho ni wewe. Huku kwetu baba humpa binti nyumba anapoolewa. Kiwanja kisipotosha, hupandisha ghorofa, au huvuka kichochoro kwa wikio, chumba kikaning'inia juu ya njia na watu wakapita chini. Wikio lile ulilokuwa ukilala wakati wa joto, babu yako alimjengea khalati yako, dada yangu, ili dada wawili waendeane bila kushuka njiani. Nyumba hii mamangu alipewa na babake, nami nikapewa nilipoolewa. Sitaki ikufikie wewe imeoza ndani na kupakwa rangi nje.

Chokaa nimeshanunua. Imelowekwa shimoni kule kiwandani, na mzee anayetujengea hataki iguswe kabla haijalainika kama samli. Atabandua plasta mbovu kwanza, kisha ataacha ukuta ukauke. Si kazi ya siku mbili, ni ya miezi. Chukua likizo uje, usimame naye, akufundishe kuujua ukuta kwa kuugonga na kuusikiliza, maana macho yake yameanza kuchoka na vijana wanaomfuata ni wachache.

Mwambie kakako asitoe arubuni kwa yule fundi. Funguo za nyumba ninazo mimi.

Mamako