Kikohozi chako kina saa zake

Makorora, Tanga

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana, na Kibwana bado anaidai mikeka yake. Mengine baadaye, maana Mwanaidi ameniambia jambo lililoninyima raha: ukicheza unakohoa, ukifagia unakohoa, eksirei imetoka safi, makohozi hayana kifua kikuu, na sasa unakunywa dawa ya maji chupa juu ya chupa. Kisha majirani wameanza kusema ni jicho la watu.

Umefanya vyema kupima. Anayekohoa wiki mbili au zaidi aanzie hapo, na kipimo hicho hospitali za serikali hakilipiwi. Ila kuambiwa huna kifua kikuu si kuambiwa una nini. Kwa mtu mzima kikipita wiki nane tunakiita kikohozi sugu, na kile kinachoamshwa na mwendo kina tabia unazoweza kuzifuatilia mwenyewe: mwili ulikuwa unafanya nini, na zilipita dakika ngapi kabla hujaanza kukohoa. Daktari mwenye benchi limejaa hana nafasi ya kuyachimba hayo. Wewe unayo, Zuhura, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nianze na ngoma, maana ndiyo kazi yako. Kinakuja katikati ya mchezo, au ngoma zikishanyamaza? Pumu ya mazoezi aghalabu hungoja. Unacheza vizuri, unakaa kupangusa jasho, na dakika tano au kumi baadaye kifua kinabana na kikohozi kikavu kinaanza, halafu ndani ya nusu saa hadi saa moja kinaondoka chenyewe. Unapohema kwa mdomo unapitisha hewa nyingi ambayo pua haikupata kuilowesha; njia za hewa zinakauka, misuli yake inakaza. Wengine hawatoi mlio wowote kifuani, wanakohoa tu, kwa hiyo atakayekusikiliza ukiwa umepumzika atasema huna kitu.

Kuna kipimo cha kupuliza, kifaa kidogo kinachopima kasi ya pumzi. Unapuliza kwa nguvu mara tatu, unaandika namba kubwa. Unacheza kwa nguvu dakika sita hadi nane. Kisha unapuliza tena dakika ya 5, 10, 15 na 20. Namba ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi, hiyo ni alama kubwa ya pumu. Fanya mbele ya mhudumu mwenye dawa karibu, usijaribu peke yako uani.

Kikija mchezo ulipopamba moto, koo likabana, hewa ikatoa mlio wakati wa kuivuta ndani, na yote yakatulia dakika chache tu baada ya kusimama, hapo nashuku nyuzi za sauti zinazojifunga wakati zinapotakiwa kufunguka. Pampu ya pumu haisaidii hapo. Kinachosaidia ni mazoezi ya pumzi: vuta kidogo kwa pua, haraka, mara mbili, kisha toa taratibu kwa midomo iliyobana kama anayepoza chai.

Na hiyo pampu. Mwanaidi anasema umepewa ukaiona haifai. Kabla hujaitupa, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako chake tundu la kuenea mdomo wa pampu bila kuvuja, ioshe kwa maji ya sabuni na iache ikauke bila kuifuta, maana ukiifuta dawa inanasa kwenye plastiki. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, vuta na kutoa taratibu kwa mdomo wa chupa mara nne hadi sita. Ndipo ubonyeze tena. Wengi wanabonyeza na kuvuta kwa nyakati tofauti, dawa inaishia ulimini, na pampu inalaumiwa bure. Kama ni salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, ya kutumia kabla ya mazoezi, wakati wake ni dakika 10 hadi 15 kabla, si jukwaani. Na ikithibitika ni pumu, salbutamol peke yake haitoshi. Muulize daktari dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe.

Sasa kufagia. Hapo mambo mawili yamechanganyika, kuinama na vumbi, na nataka uyatenganishe. Siku moja mwagia uwanja maji, ufunge ufagio wa chelewa kwenye mpini mrefu, fagia umesimama wima. Siku nyingine usiguse ufagio kabisa, bali iname dakika moja kama anayefunga viatu, mara moja kabla ya kula na mara moja baada ya kula. Ukikohoa kwa vumbi tu, tuangalie njia za hewa. (Huku kwetu wanaofanya kazi ya kupiga brashi nyuzi za mkonge wanalijua hilo vumbi vizuri.) Ukikohoa kwa kuinama baada ya kula, huenda tindikali ya tumbo inapanda, hata kama husikii kiungulia. Basi maliza kula masaa matatu kabla ya kulala, na inua miguu ya kitanda ya upande wa kichwa kwa tofali, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakusaidii, kunakunja tumbo. Na ukiinama au ukigeuka kitandani makohozi mengi yakaja, hasa asubuhi, sema hivyo waziwazi. Njia za hewa zilizotanuka baada ya kifua kikuu cha zamani au nimonia kali zinaweza kufichika kwenye eksirei, zikaonekana kwa siti skani.

Jambo ambalo Mwanaidi hakulijua: unameza vidonge vya presha? Soma pakiti. Enalapril, captopril, lisinopril, vyote vinavyoishia na "pril", huweza kuleta kikohozi kikavu cha kutekenya koo, na kinaweza kuanza miezi kadhaa baada ya kuanza dawa. Koo likishakuwa jepesi hivyo, kuongea, kucheka, kuhema haraka, moshi wa udi, vyote vinaliamsha. Usiache mwenyewe! Presha isiyo na dawa ni hatari kubwa kuliko kikohozi. Omba ubadilishiwe, mara nyingi hutolewa losartan, na uwe na subira wiki moja hadi nne, pengine hata miezi mitatu. Tena waombe wachungulie masikio. Mshipa mmoja wa fahamu unafika sikioni na kooni, na nta iliyojaa humkohoza mtu.

Na hizo amoksilini, dawa za kuua bakteria, zinaniudhi. Bila homa, eksirei safi, unazimeza kwa lipi?

Shika daftari wiki mbili. Kila kikija andika saa, mwendo gani, dakika ngapi baadaye, kimedumu kiasi gani, kikavu au cha makohozi na rangi yake, ulikula lini, kulikuwa na moshi au vumbi. Dakika usizikisie, tazama saa ya simu. Ila ukiona damu, jasho la kulowesha shuka usiku, mwili kupungua, miguu kuvimba, au ukashindwa kulala bila kuinuka kitako, achana na daftari nenda hospitali siku hiyo hiyo. Miguu na pumzi ya usiku huenda ni mambo ya moyo.

Wale wanafunzi wako nao... lakini hilo tutaongea.

Nijibu haya upesi. Kinakuja ukipanda ngazi polepole, au mpaka uende mbio? Usiku kinakuamsha? Pua inachuruzika nyuma ya koo? Bado unapikia mkaa ndani, au umehamia uani? Utotoni uliwahi kuugua kifaduro? Pampu uliyopewa ina rangi gani, na jina gani limeandikwa? Nani anakupimia presha, na tangu lini? Mwanaidi anapanda basi kuja Tanga mwisho wa mwezi, mpe daftari hata kama kurasa hazijajaa.

Wako akupendaye,
Saumu