Kura nyingi, na bado unabaki inje?

Bwana mhariri, jambo sana,

Hapa Birere, kartie ya Goma, tunabishanaga kila siku juu ya madepite (babunge), eti "fulani alipata kura nyingi, juu ya nini alibaki inje?" Fasi yenye kiti kimoja haina maneno, mwenye kura nyingi anapita, imeisha. Lakini hapa Goma viti ni vingi, na pale banahesabu kwanza kura za listi muzima ya chama, banagawa viti, vyenye vinabaki vinaenda kwa listi zenye mabaki makubwa (kura zenye hazijapata kiti), kisha njo banaangalia ndani ya listi nani alipita benzake, basi wee unaweza kuwa na kura zako mingi lakini listi yako ni ya bule, unabaki nazo kwenu. Tena tangu sheria ya 2017 banaomba chama ao muungano wa vyama ufikishe 1% ya kura za inchi yote ya Congo juu ya kupata viti! Kachama ka huku kwetu katatoa wapi hiyo?

Na mu 2023, kwa ile Bunge ya viti 500, Masisi na Rutshuru, teritware mbili za huku Kivu ya Kaskazini, habakupiga kura juu ya vita. Sasa bandugu ba kule, depite wabo ni nani?

Musomaji wenu, Goma